Kiti cha Pankrasi

Daktari Lidwina wa Bombambili alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe, nao ulimwanza mapema: kuuliza. Mama yake hakuweza kuchinja kuku kwa amani. Watoto wengine walizunguka jiko wakiitamani firigisi, huku wakijua kabisa kwamba firigisi ni ya baba na hawataionja, lakini Lidwina alisogea na kuomba moyo. Si wa kula. Alitaka kuushika kabla haujaingia sufuriani, aubinyebinye, aupasue kwa wembe na kuchungulia ndani. Kwa nini upande huu mnene na ule mwembamba? Damu inajuaje pa kupita? Mama yake alikuwa anauza vitumbua asubuhi na kulima mahindi mchana, hakuwa na jibu wala muda wa kulitafuta. "Lidwina mwanangu, moyo unachemshwa, hauhojiwi," alimwambia, akamnyang'anya na kuutumbukiza kwenye mchuzi.

Masista waliomfundisha sekondari walimwadhibu kwa kuuliza sana, kisha mwisho wa mwaka wakampa zawadi kwa kosa lilelile. Akaenda Dar es Salaam kusomea udaktari, akaendelea na ubingwa wa moyo, na mtaani kwao watu wakajua basi, huyo wameshampoteza, bingwa gani atakumbuka Bombambili? Akarudi. Alipata kazi hospitalini hapohapo Songea, akakarabati nyumba ya mama yake, na kila asubuhi akawa anapanda bodaboda kwenda kazini ingawa gari analo. Sababu ni kwamba dereva wa bodaboda hana pa kukimbilia. Ukimuuliza baba yake alikufa na nini, na mbona pikipiki ikizima kilimani yeye anahema kuliko pikipiki yenyewe, atajibu tu, kwa sababu abiria yuko mgongoni mwake na safari bado. Vijana wa bodaboda walimpenda na kumkwepa kwa pamoja.

Lililomshika zaidi miaka hii ya karibuni lilikuwa jambo moja. Kuna moyo ambao misuli yake hunenepa bila sababu ya kuonekana, hasa ule ukuta wa katikati, hadi njia ya damu kutoka nje inabanwa. Mwenye moyo huo anaweza kulima, kuzaa na kucheka miaka mingi bila habari. Halafu siku moja anakimbia, au anapandisha mlima na mzigo, na moyo unapoteza mwendo, mtu anaanguka. Msibani watasema presha. Wengine watanong'ona kwamba ametupiwa kitu. Kumbe ni urithi. Mzazi mwenye moyo wa namna hiyo, kila mtoto wake anaweza kuupata au kuukosa, sawa na kurusha shilingi. Lidwina alikuwa ameanza kuwaona watu hao kliniki, mmoja kutoka Namtumbo, mwingine kutoka Mbinga, na kila aliyemwona alimwachia maswali ya kutosha kumnyima hamu ya kula. Wako wangapi? Ni ukoo mmoja au koo nyingi? Mbona wengine wanaishi hadi wanaitwa babu na wengine hawamalizi hata ujana?

Ndipo akapata wazo la kongamano. Wataalamu waje Songea, waache kukutana kila siku kwenye hoteli za Dar, waje walipo wagonjwa wenyewe.

Kamati ya maandalizi ilikuwa ya watu watatu na ilikaa kantini ya hospitali, penye chai ya tangawizi na chapati. Wa kwanza Lidwina mwenyewe. Wa pili Daktari Abdulhamid, daktari wa watoto, mzaliwa wa Nakapanya, mtu mwembamba ambaye utani wake umenona kuliko yeye. Wa tatu hakuwepo, ila alikuwepo: Profesa Leodegari, Mmatengo wa Mbinga, aliyemfundisha Lidwina huko Dar es Salaam, alishiriki kwa simu ya video. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, kwa hiyo kila aliyetaka kuongeza chai ilimbidi kwanza amlaze Profesa chali.

"Jina," alisema Lidwina. "Nimeandika, Kongamano la Kisayansi Kuhusu Magonjwa ya Kurithi ya Misuli ya Moyo."

"Jina hilo kwenye fulana litahitaji fulana ya tembo," alisema Abdulhamid.

"Liacheni," alisema Profesa. "Mnafungua na nini?"

"Sala, halafu mgeni rasmi, halafu hotuba yako, Profesa."

"Na ngoma?"

"Ngoma gani?"

"Lidwina! Wewe mtoto wa wapi? Unaita watu kutoka Mwanza, kutoka Malawi, wanafika Songea, unawafungulia kwa hotuba? Lizombe! Tafuta kikundi kizuri, waje watikise ukumbi kwanza. Sayansi itafuata."

Abdulhamid akaandika: lizombe. Hakuna aliyecheka wala aliyeshtuka. Madaktari watatu, wenye shahada za kufunika ukuta mzima, wamekaa kupanga mkutano juu ya watu wanaoanguka wakitumia nguvu, na la kwanza wanaloagiza ni ngoma ya kumtoa mtu jasho mpaka kwenye kisigino. Lakini kwetu shughuli isiyo na ngoma ni kikao tu, na jambo la mazoea halina wa kulihoji. Hata Lidwina, mwenye kuhoji kila kitu, hilo lilimpita. Kazi ya kutafuta kikundi aliichukua yeye, kwa kuwa kikundi kizuri kuliko vyote kilikuwa mtaani kwake.

Jumapili baada ya misa ya pili alikwenda kwenye kiwanja wanachofanyia mazoezi. Kiongozi wa kikundi, Mzee Kajetani, ndiye mpiga ngoma kubwa, na alikuwa anaipasha moto ngozi ya ngoma kwenye moto wa mabua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari wetu. Mama hajambo? Karibu, kaa hapo kwenye benchi, ila usikae mbele, wachezaji wangu wanarusha vumbi."

Lidwina alikuwa ameiona lizombe tangu tumboni, kama wanavyosema, lakini hakuwa ameitazama kwa miaka. Wanawake walianza wimbo. Wanaume wakaingia na njuga miguuni, filimbi ikalia, ngoma ya Mzee Kajetani ikapokea, na ardhi ikaanza kuitika chini ya miguu yao. Mbele alikuwa Valence. Kila mtu Bombambili anamjua Valence: fundi wa kuchomelea, mwenye kutengeneza mageti yenye maua ya chuma, mtu wa miraba minne, na akiingia kwenye ngoma hata mwenye msiba anasimama kumtazama. Alicheza kwa mabega, kwa shingo, kwa tabasamu. Lidwina alijikuta anapiga makofi.

Kisha, katikati ya kishindo, Valence akachuchumaa.

Alishuka taratibu, kifua wima, mikono juu ya magoti, akatulia hapo huku vumbi likimzunguka. Wenzake wakashuka nyuma yake, mmoja mmoja, mstari mzima. Wanawake wakapiga vigelegele, na watazamaji wakapaza sauti: "Kalia, Pankrasi! Kalia!" Baada ya muda mfupi Valence akainuka, na wote wakainuka naye, ngoma ikakolea upya.

Ilikuja hivyo tena, na tena. Lidwina aliacha kupiga makofi. Alianza kutazama kwa namna yake ile inayowatia watu wasiwasi, kichwa upande, mdomo wazi kidogo. Wengine walishuka wakicheka, wakafanya mbwembwe, mmoja hata akajifanya anakunywa pombe. Valence peke yake hakufanya mbwembwe. Alikuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

Ngoma ilipopumzika akamsogelea Mzee Kajetani.

"Mzee, ule mtindo wa kuchuchumaa mmeutoa wapi? Vikundi vingine sijauona."

"Huo ni wetu!" Mzee alifurahi. "Unaitwa kiti cha Pankrasi. Baba yake Valence, marehemu Pankrasi, ndiye aliyeuleta. Alikuwa akicheza, anafika mahali, anakaa hewani hivyo. Tukaona unapendeza, tukauiga wote. Tumeshinda nao mashindano mpaka Mbamba Bay."

"Na sasa anayeamua mkae saa ngapi ni wewe, kwa ngoma?"

"Hapana, daktari. Mimi namtazama Valence mabega. Yakianza kulegea, najua anataka kiti, nampigia. Hata kwa baba yake nilikuwa nafanya hivyohivyo. Ngoma inamfuata yeye, yeye haifuati ngoma."

Lidwina aligeuka kumtafuta Valence. Valence alikuwa ameketi kwenye tofali anakunywa togwa. Akamwendea.

"Kaka Valence, hongera. Nikuulize kitu cha kijinga?"

"Uliza, dada. Wewe si ndiyo kazi yako."

"Pale unapochuchumaa, ni nini hasa kinakuambia sasa chuchumaa?"

Valence akacheka, akajipangusa jasho. Alionekana hajawahi kuulizwa. "Mwili tu," alisema mwishoni. "Kuna kizunguzungu kinakuja kwa mbali, na kifua kinabana kidogo. Nikikaa hivi kinaachia. Si ndiyo ngoma yenyewe? Nadhani wote wanasikia hivyo."

"Wote umewauliza?"

"Nani anauliza mambo hayo, dada?"

Mkoba wa Lidwina haukosi stetoskopu, kama mikoba ya wanawake wengine isivyokosa khanga. Alimwomba wakasimame nyuma ya ukuta wa ofisi ya mtaa, mbali na kelele. Akamsikiliza amesimama. Kulikuwa na mngurumo, mkali, wa kukwaruza. Akamwambia achuchumae, naye akachuchumaa pamoja naye, bingwa mzima na sketi yake ya kanisani kwenye vumbi, na mngurumo ukafifia mpaka karibu upotee. Akamwinua. Ukarudi kwa nguvu. Mingurumo mingi ya moyo hufanya kinyume, mtu akichuchumaa inaongezeka. Huu ulipungua. Akamrudisha chini, akamwinua, akamrudisha chini tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Niseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe hakuuficha alipousimulia baadaye: alifurahi. Alifurahi kama mtoto aliyeruhusiwa hatimaye kubaki na moyo wa kuku mkononi. Ukoo mzima umegeuza dalili kuwa mtindo wa ngoma, na mtaa mzima umeushangilia, vigelegele juu yake! Vitabu vyake vyote havikuwa na jambo tamu namna hiyo. Halafu akamtazama Valence, aliyekuwa amechuchumaa bado akingoja aambiwe ainuke, na furaha ikaishia hapo.

"Baba yako alikufaje?" aliuliza.

"Kwenye harusi ya binamu yangu, Namtumbo. Alicheza, akatoka kwenda kunywa maji, hakufika kwenye mtungi. Walisema presha. Na kaka yangu Aidani alianguka na baiskeli akipandisha kilima. Huyo walisema ametupiwa." Akainuka mwenyewe. "Kwani vipi?"

Wiki hiyo Valence alilazwa kitandani kwenye chumba cha kipimo cha eko, na moyo wake ukaonekana kwenye skrini. Ukuta wa katikati ulikuwa mnene kupita kiasi. Lidwina alimgeuzia skrini aone mwenyewe, akamweleza taratibu, bila Kiingereza. Akampa vidonge vya kuutuliza moyo usikimbie. Akamwambia kuna kifaa cha kuushtua moyo ukipoteza mwendo, ambacho huenda akahitaji kuwekewa Dar es Salaam, watazungumza. Na akamwambia ngoma basi.

Vidonge Valence alivipokea. Hilo la mwisho hakulipokea.

"Dada, hamjanialika nyie wenyewe kuja kufungua mkutano wenu?"

"Tulikualika kabla sijajua."

"Basi nitacheza mkutanoni, halafu nitaacha. Mbele ya maprofesa. Nikianguka, hapo si ndipo pazuri pa kuangukia?" Akacheka peke yake.

Kamati ilipokutana tena, Lidwina aliwasimulia wenzake. Kwenye simu, Profesa Leodegari alinyanyuka kwenye kiti chake hata ikabaki inaonekana tai yake tu.

"Lidwina! Unajua umepata nini? Miaka yote nimewafundisha wanafunzi ile dalili kwa maneno matupu. Sasa fikiria ukumbi umejaa, ngoma inalia, anachuchumaa mbele ya macho yao! Tunampima papo hapo, sauti ya moyo tunaitoa kwenye spika. Watu wataondoka Songea wanazungumza habari hiyo mpaka wastaafu."

Na Lidwina aliiona picha hiyo. Aliiona na aliitamani. Aliona spika, akausikia mngurumo ukijaa ukumbini na kupotea, akawasikia watu wakivuta pumzi. Alianza hata kupanga moyoni: mara moja tu, kidogo tu, daktari wa dharura yuko pembeni, mashine ya kushtua moyo iko tayari. Alifungua kinywa kusema.

"Samahani," alisema Abdulhamid, akakiweka kikombe mezani. "Naomba kuuliza, maana mimi ni wa watoto, sijui taratibu zenu. Tunaandaa kongamano au tunaandaa matanga?"

Lidwina alisikia uso unamwaka. Hakuna aliyekuwa amemgombeza, na angefurahi zaidi kama wangemgombeza. Profesa aliketi, uso wake ukarudi kwenye simu, na ulikuwa umezeeka.

"Ifute lizombe," alisema Profesa polepole. "Ifute. Tufungue kwa kwaya."

Lakini kufuta kwenye ratiba ni rahisi, kumfuta mtu jina lake ni kazi nyingine. Habari zilifika Bombambili kabla Lidwina hajafika. Valence aliposikia wameondoa ngoma alikasirika kweli. Alisema madaktari wamemwona mgonjwa wakamtupa. Alisema mafundi wa mageti wako wengi mjini, lakini Valence wa lizombe ni mmoja, na akiacha lizombe atabaki fundi tu. Na kuonyesha kwamba bado yupo, akamwahidi Mzee Kajetani kwamba Jumamosi ataongoza kikundi kwenye harusi Namtumbo, kwa ndugu zake, palepale alipoangukia baba yake. Mzee Kajetani, ambaye kwake Valence ni kama mwana, hakujua akatae au akubali, akakubali.

Ijumaa jioni jua likiwa bado juu, Lidwina alikwenda nyumbani kwa Valence, na safari hii alimchukua Abdulhamid, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndugu wa mgonjwa inabidi wapimwe wote, na Valence ana binti. Ya pili hakuisema: alikuwa hajiamini tena peke yake.

Dorine, mke wa Valence, aliwakaribisha uani kwa viti vya plastiki na ulanzi kidogo, pombe ya mianzi, ambao Abdulhamid aliukataa kwa heshima akapewa soda. Valence alikuwa anaunganisha kengele mpya kwenye njuga zake kwa waya, na hakuinua kichwa.

"Karibuni," alisema. "Kama mmekuja kwa ajili ya kesho, kunywa mtakunywa lakini maneno mtarudi nayo."

"Tumekuja kuwasalimia," alisema Lidwina.

"Salamu tumepokea."

Lidwina, ambaye hajawahi kukosa swali tangu azaliwe, alijikuta hana la kusema. Alijaribu kuzungumzia mvua. Alijaribu kuzungumzia bei ya mbolea. Dorine alimjibu kwa ajili ya mumewe, naye macho yake yalikuwa mekundu, inaonekana walikuwa wamegombana kabla. "Mwambie, daktari," alisema Dorine. "Mimi nimesema mpaka nimechoka. Nimemwambia bora niwe na mume asiyecheza kuliko kaburi lenye sifa."

"Dorine," alisema Valence.

"Si ndiyo ukweli?"

Nje ya ua, kwenye uchochoro, watoto walikuwa wanacheza rede. Mpira wa soksi ulikuwa unaruka, wasichana wanaukwepa wakipiga kelele. Noela, binti yao, mwenye miguu mirefu kama ya baba yake, ndiye aliyebaki katikati, na wenzake walikuwa wanamsaka pande zote mbili bila kumpata. Valence alisahau hasira yake akamtazama. Alitabasamu. "Huyo hashikiki," alisema. "Huyo ni damu yangu."

Noela aliruka, akainama, akakimbia huku, akarudi kule. Kisha akanyoosha mkono kuomba mchezo usimame, akasogea ukutani, na akachuchumaa. Kifua wima, mikono juu ya magoti. Akatulia hapo, mdomo wazi, macho mbali.

Watoto wenzake wakapiga makofi. "Kalia, Pankrasi! Kalia!"

"Mnaona?" alisema Valence kwa fahari. "Mnaona? Hata yeye..."

Hakumaliza. Aliwageukia wageni wake akitarajia watacheka naye. Abdulhamid alikuwa ameshaweka soda chini. Lidwina alikuwa amejifumbata mikono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliogopa jibu. Alikuwa na swali, lilikuwa mdomoni, lakini hakulitoa. Alilimeza. Halikuwa lake.

Valence aliuachia waya. Njuga ziliteleza zikalia kidogo miguuni pake.

"Noela," aliita. "Njoo hapa, mama."

Mtoto akaja akihema, akawasalimia wageni, shikamoo, shikamoo.

"Pale ulipochuchumaa. Nani kakufundisha?"

Noela alishangaa. "Hakuna, baba."

"Si unaniigiza mimi?"

"Hapana. Nikikimbia sana hapa panabana." Alijigusa kifuani. "Nikikaa hivyo panaachia. Halafu wao ndiyo wanaanza kusema Pankrasi, Pankrasi, mimi hata sipendi."

Dorine alifunika mdomo kwa khanga.

Valence alimtazama Abdulhamid. "Daktari wa watoto ni wewe?"

"Ni mimi."

"Msikilize."

Abdulhamid alipiga magoti kwenye udongo, akapasha moto stetoskopu kwa kiganja ili isimshtue mtoto, akamtania kidogo kuhusu rede. Akamsikiliza amesimama. Akamwambia achuchumae. Akamwambia ainuke. Alirudia. Jogoo wa jirani alikuwa anawika ovyo na hakuna aliyemfukuza.

"Mngurumo unasikika?" aliuliza Valence.

"Unasikika," alisema Abdulhamid. "Bado tutampima vizuri kwenye eko, nisije nikasema zaidi ya nilichosikia. Lakini unasikika."

"Atakufa?"

"Wengi wenye moyo huu wanazeeka, kaka. Akijulikana mapema, akifuatiliwa, akiacha mashindano na michezo ya nguvu, ana nafasi nzuri kabisa ya kuzeeka. Waliokufa kwenu ni waliokuwa hawajui."

Valence aliinama akaokota njuga, akazitazama, akaziweka kwenye kiti cha plastiki pembeni yake. Lidwina alidhani sasa atalia, lakini hakulia. Alikuwa anafikiri, na lile alilokuwa analifikiri lilikuwa jambo rahisi kabisa, la mzazi yeyote.

"Nitamwambiaje asicheze rede," alisema, "na kesho mimi niko Namtumbo nacheza?"

Akatoa simu mfukoni, akapiga.

"Mzee, shikamoo... Ndiyo, ni mimi. Mzee, kesho sitakuja... Hapana, siumwi zaidi ya juzi... Hapana, mzee, wala keshokutwa. Mpe mwingine mbele." Mzee Kajetani alikuwa anasema kitu kirefu upande wa pili, sauti yake ilisikika mpaka uani. Valence alimwacha amalize. "Na mzee, mtindo wetu ule msiucheze tena. Akichuchumaa mtu kwenye ngoma, mumtoe, mumpeleke kwa daktari Lidwina. Nakuomba."

Akakata simu. Wenzake Noela walikuwa wanamwita kutoka uchochoroni, zamu yake, mpira uko tayari. Mtoto aliwatazama, akamtazama baba yake, akaona mama yake analia.

"Baba, unaumwa?"

"Tunaumwa, mama," alisema Valence, akamsogezea nafasi kwenye kiti chake. "Mimi na wewe. Waambie leo huchezi."